Safari Isiyo na Msiba

Akina mama wenzangu, hebu hesabuni safari zote mlizowahi kusafiri na waume zenu tangu siku ya ndoa. Ondoeni misiba. Ondoeni harusi, ubatizo na kipaimara. Ondoeni kumpeleka mgonjwa hospitali ya rufaa, kumpeleka mtoto shule ya bweni na kwenda kusalimia wakwe sikukuu ya Krismasi. Zimebaki ngapi? Mimi nilipohesabu, baada ya miaka 31 ya ndoa, nilibaki na sifuri.

Sisemi hivi kwa kulalamika. Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu safari ni shughuli, na mtu hafungi mzigo bila sababu. Ndiyo maana mwezi wa Februari tulipowaaga majirani kwamba tunaondoka kwa siku saba, wa kwanza aliweka mkono kifuani akasema, "Jamani, poleni. Amefariki nani?" Nikamwambia hakuna aliyefariki. "Sasa mnakwenda wapi?" Nikamwambia tunakwenda kuliona ziwa. Akanitazama, akalitazama ziwa, ambalo kutoka uani kwetu Mwanza linaonekana wazi kabisa, kisha akanitazama tena. Hakusema neno.

Napenda kuwasimulia safari hiyo, kwa sababu nadhani wengi wenu mko pale nilipokuwa mimi kabla hatujaondoka.

Nyumba ilipokuwa kimya

Mume wangu alikuwa dereva wa serikali. Kwa miaka 33 aliwaendesha wakubwa. Anazijua barabara za mikoa yote ya Kanda ya Ziwa, mashimo yake na madaraja yake. Mimi mshona nguo nilibaki nyumbani na cherehani na watoto wanne. Alikuwa akirudi na samaki au mchele, anaeleza kwamba barabara ni mbaya, analala, na alfajiri anaondoka tena.

Alistaafu alipotimiza miaka 60. Mwaka uliofuata mtoto wetu wa mwisho akaenda chuo. Miaka yote nilidhani nyumba yenye utulivu ni raha. Kumbe siyo. Tulikaa mezani watu wawili. "Chai ipo?" "Ipo." "Redio umeiweka wapi?" "Chumbani." Basi, mazungumzo yamekwisha. Miaka yote tulikuwa tumezungumza habari za watoto: ada, homa, viatu, matokeo ya mitihani. Watoto walikuwa daraja kati yetu, na walipoondoka kila mmoja wetu alibaki ng'ambo yake.

Hatukuwa na ugomvi. Ningependa mlielewe hilo. Ugomvi una dawa zake. Unaita wazee, mnakaa, mnasuluhishwa. Lakini utamwendea nani ukamwambie kwamba mumeo ni mtu mzuri, hanywi, hapigi, ila hamna la kuzungumza?

Kwa sehemu ya kiinua mgongo chake alinunua Hiace kuukuu, ya kubebea mizigo ya wafanyabiashara wanaokwenda minadani. Mwanzo wa mwaka kazi hupungua, kwa kuwa fedha za watu zimekwenda kwenye mahitaji ya shule. Siku nyingi gari lilikaa uani, naye akakaa ndani yake akisikiliza redio. Siku moja nilimkuta ameshika futi, anapima sakafu ya gari. Nikamuuliza anapima nini. Akasema, "Kitanda."

Wakati yuko kazini aliwahi kukutana na mzungu mmoja na mkewe, wastaafu, waliokuwa wakisafiri na kulala ndani ya gari lao. Walimweleza kwamba kwao Ulaya wastaafu wengi hufanya hivyo. Baridi inapoanza kulegea, mwezi wa Machi, huteremka hadi pwani ya Ugiriki, wakati maua yanachanua na watalii wa kiangazi hawajafika. Huegesha gari kando ya bahari, hupika chai yao, na kesho husogea mbele kidogo. Mume wangu hakuwahi kuisahau habari hiyo. "Wao wana bahari," aliniambia. "Sisi tuna ziwa."

Na kweli tuna ziwa. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, na karibu nusu yake iko Tanzania. Nimeishi kando yake maisha yangu yote ya ndoa, nikala samaki wake na kufua kwa maji yake, lakini nilikuwa silijui.

Nyumba ya magurudumu

Fundi seremala alitutengenezea kitanda cha mbao kilichokaa juu ya masanduku mawili. Sanduku moja liliwekwa vyombo na chakula, la pili nguo. Juu tukaweka godoro la inchi nne. Nilishona mapazia ya kitenge na kukata chandarua kwa kipimo cha madirisha. Tulibeba jiko la gesi la mtungi mdogo, madumu matatu ya maji, beseni, ndoo yenye mfuniko, tochi, turubai, mkeka na chupa ya chai. Chakula nilichukua unga, mchele, maharage, vitunguu, sukari, na mfuko wa michembe na matobolwa, kwa sababu viazi vilivyokaushwa haviozi na havihitaji moto mwingi.

Ndugu hawakukosa la kusema. Wifi yangu alipiga simu kutoka Bukoba akauliza kama kaka yake ni mzima, maana amesikia pensheni inaliwa barabarani. Sikubishana naye. Nilimpa hesabu. Mafuta ya siku saba yalikuwa kama shilingi 210,000. Chakula kingi ni kile ambacho tungekula nyumbani. Nyumba ya kulala wageni hatukulipia hata siku moja. Nikamkumbusha kwamba kwa msiba wa mwisho tuliokwenda tulitumia zaidi ya hapo, na hakuna aliyetuuliza.

Barabara ya Musoma

Tuliondoka asubuhi, siku ya Jumatatu. Mwishoni mwa Februari ni wakati mzuri kwetu. Mvua za vuli zimepita na masika hayajashika. Vumbi si jingi, majaruba ya mpunga yana kijani, na pamba iko shambani. Nadhani huo ndio mwezi wetu unaokaribia ule Machi wa Ugiriki.

Unapotoka mjini Mwanza kwa barabara ya Musoma unapita Igoma. Pale ndipo walipozikwa wengi wa waliokufa katika ajali ya meli ya MV Bukoba, iliyozama asubuhi ya Mei 21, 1996, ikiwa karibu kufika Mwanza. Mamia ya watu walipotea. Mdogo wake mume wangu amelazwa pale. Kila anapopita Igoma mume wangu hupunguza mwendo, hata kama walio nyuma wanapiga honi. Siku ile alipunguza mwendo kama kawaida, kisha akaendelea. Nami kama kawaida nilikaa kimya. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia habari za mdogo wake zaidi ya jina.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Bujora, karibu na Kisesa, kilomita kama 20 tu kutoka mjini. Ni ajabu jinsi tunavyopita kila siku mahali ambapo wageni wanavuka bahari kuja kupaona. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko pale yalianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Canada. Kanisa lake ni la duara, kwa umbo la nyumba ya Kisukuma, na ndani ya makumbusho zimehifadhiwa ngoma za watemi. Kila mwezi wa Juni hufanyika sikukuu ya Bulabo, ambapo vyama vya Bagika na Bagalu hushindana kucheza ngoma. Kijana aliyetutembeza alituuliza tumetoka na kikundi gani. Mume wangu akasema, "Kikundi cha watu wawili."

Kutoka hapo tuliteremka hadi Kageye, kijiji kilichoko ufukoni katika wilaya ya Magu. Ukikiona hutadhani kwamba kina historia. Lakini hapa ndipo Stanley alipofika Februari 27, 1875, akiwa na boti iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka pwani. Vipande viliunganishwa hapa, na Machi 8 akaanza kulizunguka ziwa lote. Ilimchukua siku 57. Miaka miwili baadaye wamisionari wa CMS nao walifika hapa, na mwaka 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans waliondokea hapa kwa mtumbwi kwenda Buganda.

Boti ya Stanley iliitwa Lady Alice. Alikuwa ameipa jina la mchumba wake, Alice Pike, aliyemwacha Marekani na ahadi ya kumngoja. Mwaka 1876, wakati Stanley bado yuko huku Afrika, mchumba huyo aliolewa na mtu mwingine. Nilipomsimulia mume wangu alicheka sana. Halafu akanyamaza, akasema, "Alilizunguka ziwa zima na jina lake, yeye mwenyewe hayupo." Nilimtazama. Sikujua kama anazungumza habari za Stanley au za dereva wa serikali.

Taa za usiku

Usiku wa pili na wa tatu tulilala ufukoni upande wa Lamadi, baada ya Magu. Hapa barabara inapita kando kabisa ya hifadhi ya Serengeti, na karibu na lango la Ndabaka nyani hukaa barabarani kama wakaguzi wa magari. Tulikwenda kwanza kwa mtendaji wa kijiji tukajieleza. Alituuliza maswali mengi, kisha akatupa ruhusa kuegesha karibu na nyumba ya mwenyekiti.

Wanawake waliokuwa wakianika dagaa walikuja kutuangalia. Tulisalimiana, "Mwangaluka," wakalizunguka gari, wakachungulia kitanda. Mmoja akauliza, "Mama, mnahubiri au mnauza dawa?" Nilipowaeleza kwamba hatuhubiri wala hatuuzi, walicheka, kisha wakanyamaza. Mama mmoja, makamo yangu, alisema taratibu, "Mimi hata akinipeleka mnadani tu, tukarudi, ningeshukuru." Maneno hayo sijayasahau. Hakuomba gari wala fedha.

Usiku giza lilipoingia tuliona maajabu. Juu ya maji ziliwaka taa nyingi, kama mji mzima umehamia ziwani. Hao ni wavuvi wa dagaa. Huwavuta dagaa kwa taa, na ndiyo sababu huvua siku za giza na hupumzika mwezi unapokuwa mpevu. Zamani walitumia karabai. Siku hizi wengi wana taa za betri na za umeme wa jua. Mume wangu alinieleza pia habari za upepo, jambo ambalo alijifunza utotoni Bukoba. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, basi upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: nchi inapoa, upepo unatoka nchi kavu kuelekea ziwani. Ndiyo maana ngurumo na dhoruba nyingi za ziwa letu hutokea usiku, huko katikati, wakati sisi tumelala.

Nilimsikiliza mpaka chai ikapoa. Miaka 31, na sikujua kwamba mume wangu anaujua upepo.

Kivuko cha Kisorya

Ukifika Bunda unaweza kuendelea hadi Musoma, na hata Butiama kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere. Sisi tulikata kushoto, kufuata njia ya Kisorya, kwa sababu nilitaka kufika Ukerewe. Kutoka Kisorya kivuko hupeleka magari na watu hadi Rugezi, upande wa kisiwa. Maji ya kuvuka si mapana, hayafiki hata kilomita tano, na ng'ambo unaiona.

Tulifika alasiri. Kivuko kilikuwa kinapakia. Mume wangu alizima injini, akashika usukani kwa mikono miwili, akakitazama. Magari yaliyokuwa nyuma yetu yakatupita. Kivuko kikaondoka. Yeye yuko pale pale.

Hapo nikaelewa. Tangu 1996 hakuwa amepanda chombo chochote cha majini. Kwenda kwao Bukoba ilikuwa daima kwa barabara, hata pale ambapo kuzunguka kunachosha. Nilikuwa nimeyaona hayo yote, lakini kila mara palikuwa na sababu: kazi, mzigo, ratiba. Sasa hapakuwa na kazi wala ratiba. Palikuwa na maji, na sisi wawili.

Sikumhimiza. Nilishuka, nikatandika mkeka kivulini, nikamimina chai. Baada ya muda mrefu alikuja akaketi. Akasema, "Nauli nilimtumia mimi."

Akanieleza. Mdogo wake alikuwa na miaka 19. Mume wangu alikuwa amemtafutia kazi ya utingo Mwanza, akamwandikia barua aje haraka kabla nafasi haijachukuliwa. Alimwambia asipande basi, njia ni mbaya na atachoka. Apande meli, alale, asubuhi atakuwa amefika. Siku ile alikwenda bandarini kumpokea. Alikuwa amemnunulia maandazi.

Wapendwa, niliolewa na mtu huyu mwaka 1994. Nilikuwapo wakati wa msiba ule. Nilipika, nililia, nilipokea wageni. Lakini habari ya nauli na maandazi sikuwahi kuisikia, kwa sababu hakumwambia mtu yeyote.

Ningeweza kumwambia kwamba halikuwa kosa lake, na ni kweli halikuwa. Lakini nimeona katika misiba mingi jinsi maneno hayo yanavyotumika kumnyamazisha mtu. Unamwambia "si kosa lako," naye analazimika kusema "asante," na mlango unafungwa. Kwa hiyo nilimuuliza swali: "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Alizungumza mpaka giza likaingia. Kijana yule alikuwa na mwili mkubwa na aliimba besi katika kwaya, ila hakuweza kushika noti hata moja, na mwalimu wa kwaya hakuwa na moyo wa kumwondoa. Alikuwa akikimbizana na senene usiku mpaka anaanguka migombani. Mara moja aliuza kuku wa mama yao akanunua mpira. Mume wangu alicheka, akalia, akacheka tena. Tulilala pale pale Kisorya. Kabla ya kulala tulisali kwa kifupi, na kwa mara ya kwanza alimtaja mdogo wake katika sala kwa sauti.

Asubuhi kivuko kilipopakia aliwasha gari akaingia. Mkono mmoja alishika ukingo wa kivuko, mwingine alishika wa kwangu, mbele ya watu wote, jambo ambalo si desturi yake wala yetu. Hakuuachilia mpaka tulipogusa Rugezi.

Kisiwa cha mtu aliyemfuata mkewe

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria. Mji wake ni Nansio. Ni nchi ya mawe makubwa, mihogo na machungwa matamu. Tulipanda mlima wa Handebezyo, ukiwa juu unaona ziwa na visiwa mpaka macho yanachoka. Tulinunua sato kwa wavuvi, nikawapika kwa nyanya na ndimu, tukala na ugali wa muhogo.

Mwalimu mmoja mstaafu aliyetukaribisha tuegeshe uani kwake alitusimulia habari za Aniceti Kitereza, mwenyeji wa kisiwa hiki. Mzee huyu alimaliza kuandika riwaya ndefu kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kuichapisha kwa miaka mingi. Mwisho aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alifariki mwaka 1981.

Riwaya hiyo inahusu Bwana Myombekere na mkewe, Bibi Bugonoka. Wamekaa bila mtoto, na ndugu wa mume wanasema maneno mabaya. Wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao kumrudisha nyumbani. Ndugu wanamshauri Myombekere aoe mke mwingine. Yeye anakataa. Anafunga safari kwa wakwe kumwomba mke wake arudi, anatozwa pombe ya ndizi, anahangaika mpaka anaipata, anairudisha, na anarudi na mkewe. Baadaye sana wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali.

Niliposikia habari hiyo niliona fahari. Hapa kwetu, kabla ya magari na kabla ya vitabu vya ushauri wa ndoa, mtu alifunga safari kwa ajili ya mkewe. Mume wangu alimuuliza mwalimu, "Alikwenda kwa miguu?" "Kwa miguu." Akatikisa kichwa. "Na mimi nina Hiace," akasema.

Siku ya saba tulirudi kwa njia ile ile. Tulipofika Igoma hakupunguza mwendo, alisimama kabisa. Tuliingia makaburini pamoja, tukakaa kitambo. Sasa nilikuwa najua nimekuja kwa nani: kwa kijana wa besi asiyeshika noti. Jioni ile mume wangu aliwapigia simu watoto wote wanne, mmoja mmoja, akawasimulia habari za baba yao mdogo.

Kama nawe ungependa kujaribu

Mume wangu hakugeuka kuwa msemaji mkubwa. Bado asubuhi nyingine ni "chai ipo?" na "ipo." Lakini sasa kimya chetu si kile cha mwanzo. Kama nawe unafikiria safari ya namna hii, yako mambo machache tuliyojifunza.

Kwanza, jitambulisheni. Popote mnapotaka kulala, nendeni kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji, au ombeni uwanja wa parokia au usharika. Msilale mahali pa upweke.

Pili, maji ya ziwa yaheshimiwe. Kwenye maji ya kina kifupi yenye majani kuna konokono waenezao kichocho. Msioge wala kuchota hapo. Sisi tulichemsha maji ya kunywa na hata ya kuoga. Viboko na mamba wapo pia. Baada ya jua kuzama msisimame ukingoni.

Tatu, katika vyombo vya majini msiwe na haraka. Kikionekana kimejaa kupita kiasi, ngojeni kinachofuata. Ulizeni maboya ya kujiokolea yako wapi. Ziwa hili limetufundisha kwa machozi. Mara ya pili ilikuwa Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara na kuua zaidi ya watu 220.

Nne, chandarua kisisahaulike. Kando ya ziwa mbu hawana likizo.

Tano, simu zizimwe kwa saa chache kila siku. Ndugu watawapata jioni.

Na sita, ambalo ni la maana kuliko yote: msiende na ajenda. Mimi sikwenda Ukerewe ili mume wangu alie. Kama ningemwambia nyumbani, "Keti hapa tuzungumze habari za mdogo wako," angechukua kofia akatoka. Kuna maneno ambayo hayatoki watu wakitazamana. Hutoka wakiwa wamekaa bega kwa bega, wote wanatazama mbele, barabara au maji.

Pengine utasema, dada, sisi hatuna gari. Ni kweli, wengi hatuna. Basi kumbukeni yule mama wa dagaa. Alitaka kupelekwa mnadani tu na kurudi. Kuna kilima nyuma ya nyumba zenu, kuna ufuko, kuna stendi ya basi liendalo wilaya ya pili. Fungeni chai kwenye chupa na maandazi manne. Mtu akiwauliza nani amefariki, mjibuni kwa heshima kwamba wote wazima, kisha endeleeni na safari yenu.